Mwenye Picha Ni Mimi

Jumatatu, 3 Novemba

Nimepata kazi. Kazi ya mitindo, ya kuagizwa, ya kwanza. Audrey, fundi wa nguo mwenye duka pale Makina, anataka nguo zake mpya zipigwe picha na mimi, Wekulo. Si na Nashon wa kule mtaa wa Kongo, ambaye ujuzi wake wote ni picha za pasipoti.

Nimesoma kwenye simu kwamba kazi ya kuagizwa huenda kwa aliyeagiza, isipokuwa mkataba useme vingine. Basi wangu utasema vingine. Kuna ukumbi mjini unaoandaa maonyesho ya wapiga picha wapya. Mwisho wa kutuma ni tarehe kumi na mbili, na ni lazima haki za picha ziwe zako. Miaka minane nimepiga picha za watu wakibatizwa. Nataka jina langu ukutani, hata mara moja.

Jumanne, 4 Novemba

Mkataba tayari. Maishani nimeweka sahihi kwenye mkataba wa aina moja tu, ule wa chumba changu hapa Gatina. Umemlinda Mzee Mbuthia, mwenye nyumba wangu, miaka sita, na hajawahi kushindwa nami. Karatasi yenye nguvu hivyo unaiachaje? Nimekaa saiba, kwenye kompyuta ya kukodi, nikaichapa upya. Palipokuwa na nyumba nimeweka picha. Mwenye nyumba amekuwa mwenye picha, yaani mimi. Mpangaji amekuwa mtumiaji, yaani Audrey.

Dada wa saiba aliniuliza kama niko sawa. Watu hawajazoea kuona mtu akijitetea.

Alhamisi, 6 Novemba

Audrey amesoma mkataba akiwa na pini mdomoni. Akauliza kwa nini kifungu cha saba kinakataza kufuga mbuzi na kuku ndani ya picha. Nikamwambia sheria ina lugha yake. Akauliza kuhusu wageni wa kulala. Nikamjibu vilevile. Akacheka mpaka pini zikadondoka, akasema eti Wekulo uko na mambo, kisha akaweka sahihi mstari wa juu. Mimi nikaweka wa chini, mahali pangu pa siku zote.

Nimerudi nyumbani nikitembea kama mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha.

Jumamosi, 8 Novemba

Tumepiga picha Makina, kando ya ukuta wa mabati yenye kutu. Hope, binamu yake Audrey, alivaa koti la kijani lililoshonwa kwa mapazia ya mitumba. Mama mmoja akapita nyuma yake na mtungi wa maji, akamkodolea macho, na Hope akageuka kumtazama. Nikabonyeza hapo hapo.

Niliitazama kwenye kioo cha kamera mara tatu. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na nasema bila haya.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeituma ukumbini, mkataba ukiwa umeambatishwa. Wengine watatuma picha bila karatasi. Shauri yao.

Jumanne, 11 Novemba

Jibu limekuja, la heshima sana. Kwa mujibu wa sahihi, mwenye picha ni Audrey Akoth. Mimi ni mtumiaji, na mtumiaji haruhusiwi kumpangishia mtu mwingine picha hizi bila barua ya mwenyewe. Niilete barua kufikia kesho saa kumi na moja jioni.

Nimeusoma mkataba nikiwa nimesimama, kisha nimekaa. Ni kweli. Miaka sita ya kuweka sahihi mstari wa chini, wa mpangaji, imeharibu mkono wangu. Hii ni kazi ya Mbuthia.

Jumatano, 12 Novemba

Nimeenda kwa Audrey. Alisema barua atatoa, tena ataandika kwamba picha zote ni zangu. Sharti moja tu: nikubali mkataba ulikuwa takataka, na niombe msamaha kwa kupeleka koti lake mjini bila kumwambia. Hope alisema hayo ni maneno ya sekunde kumi.

Nilikataa. Mkataba ni mzuri, kilichokosea ni sahihi. Nikishasema karatasi yangu ni takataka, nani ataiheshimu tena? Audrey akasema sawa basi, ni wewe umekataa, akarudi kwenye cherehani. Nilisubiri abadili nia. Alishona kola mbili.

Saa kumi na moja ilinikuta kwenye ngazi za ploti, nikiitazama picha ile kwenye simu. Sipendi kuandika kwamba machozi yalitoka. Yalitoka.

Jumamosi, 15 Novemba

Audrey amempa Nashon kazi ya kupiga picha nguo za Desemba. Nilipita dukani kusalimia tu. Audrey alikuwa nje akimpima mteja, na mkataba wa Nashon ulikuwa mezani. Kurasa tatu, umeandikwa na wakili. Nani anamiliki, nani anatumia, jina la nani linakaa chini ya picha, kila kitu mahali pake. Unauma kwa uzuri.

Nikatoa simu nikapiga kurasa zote tatu. Chini kabisa pameandikwa kwa herufi nzito kwamba ni marufuku kunakili waraka huu bila idhini. Sikunakili. Nilipiga picha, na picha ni ya aliyeipiga. Nimeshaondoa jina la Nashon nikaweka langu, na Jumatatu saiba watanitolea nakala ishirini.