Vita vya Ejo, na Jinsi Ufunguo wa Pompi Ulivyookolewa Butihinda

Sogeeni, enyi mliokwisha kunywa chai na enyi mnaoingoja. Zimeni redio, mwondoeni mbuzi huyo mlangoni, kwa maana leo nasimulia vita visivyomwaga damu hata ya mbu, vilivyopiganwa kwa kidole kimoja, cha shahada, cha mkono wa kulia, chenye kucha iliyopasuka. Nasimulia habari za Shabani bin Hamadi, Mvuka Mpaka Mara Tisa, Mwenye Miwani Iliyofungwa kwa Uzi, bingwa aliyesoma darasa la pili Muyinga, la nne Kasulu, la tano akalipita mbio kama mtu anayekimbia mvua, na la saba akalisikia likisifiwa na wengine. Shabani huyo ndiye mimi. Ningeweza kuwaficha, lakini mngenitambua kwa makosa yangu.

Nawe, ewe Betri wa simu yangu, uliyebaki na asilimia kumi na mbili, nakusihi usinizimikie kabla sijafika mwisho.

Chimbuko la mambo haya lilikuwa Kigoma, mwaka wa themanini na saba, nilipokuwa mkimbizi, katika duka la Navroz, mwagizaji wa vipuri vya baiskeli, aliyekuwa na kompyuta ya kwanza niliyopata kuiona kwa macho: sanduku la rangi ya maziwa yaliyolala, limefunikwa kitambaa kama bibi harusi. Navroz akanifundisha kuipa amri kwa mwezi mmoja na nusu. Kumbukumbu ya dude lile ilikuwa finyu mno hata kila kitu tukakiita kwa herufi moja ili tubane nafasi: A, B, K. Nikatunga programu ya kutafuta spoku na minyororo rafuni, mistari arobaini, hakuna aliyeielewa, nikajiona sultani. Kisha nikaondoka, kama ilivyo desturi ya miguu yangu. Niliporudi baada ya mwaka, Navroz akanikalisha mbele ya kioo.

"Shabani, ndugu yangu, naitafuta spoku, programu yako inaniletea kengele. Hii K ni nini?"

Nikaitazama K. K nayo ikanitazama.

"K," nikatamka kwa sauti ya ushindi, "ni kitu."

Nikaaga siku ileile.

Ikapita miaka thelathini na minane, nami nikakanyaga barabara nyingi kuliko nilizoziuliza majina, hata nikarudi kwetu Butihinda, nikashindwa kutulia, nikaangukia Gitega. Huko, katika chumba kilicho nyuma ya duka la vitenge, nikamkuta Nadia, binti wa fundi viatu, Mwalimu Asiyecheka Bure, ambaye huwafundisha watu kuandika programu. Yeye huyaita maandishi hayo "kodi", kwa Kifaransa chao. Na dada yangu Zuena alipowatangazia majirani kwamba kaka yake yuko mjini anajifunza kodi, wawili walificha mbuzi zao.

Siku ya kwanza nikamwekea Nadia kazi yangu mezani, imejaa A, B na K, nikakunja mikono nisubiri pongezi.

"Muzee, hii K ni nani? Iko inafanya nini hapa?"

"Ngoja nikueleze, mwalimu."

"Hapana. Usinielezee weye. Karatasi ndiyo inielezee. Ejo ukifa, nitakuja kuuliza kaburi?"

Maneno hayo yalinichoma kuliko jua la Kigoma. Nikaapa kwamba tangu siku hiyo kila kitu nitakiita jina lake kamili, kama watu wanavyoitwa mbele ya hakimu.

Sasa sikieni kilichokuwa hatarini. Dada yangu Zuena, mjane, ndiye mshika ufunguo wa pompi ya maji huko kwetu, na ufunguo huo huuvaa shingoni kama nishani. Mitaa mitatu huchota kwa zamu, siku kwa siku: Juu, kisha Kati, kisha Chini. Watu walizoea kugombana juu ya zamu ya nani. Nami, kwa moyo wa ukarimu na wa kujionyesha, nikatunga programu ndani ya simu yangu kuukuu, ili kila alasiri iutumie ujumbe mtaa wenye zamu ya siku inayofuata. Nadia akaisoma yote kwa kidole, akasema, "Bon. Hii inasomeka." Nililala siku hiyo nikitabasamu kama mtoto.

Siku ya kumi Zuena akapiga simu.

"Kaka, hiyo mashine yako inaita Juu, inaita Kati, halafu inarudi Juu. Chini haijaitwa hata mara moja. Na mimi naishi Juu, unajua watu watasema nini."

"Dada, fuata ujumbe," nikamjibu kwa ukuu. "Mashine haina ndugu."

Laiti ulimi ungekuwa na kitasa! Siku iliyofuata alinipigia akilia. Mtaa wa Chini walikuwa wanachota maji machafu bondeni, na Dorotea, kinara wao, Mama wa Sauti Inayovuka Vilima, alikuwa amesimama mlangoni pake akimwambia, "Mashine haina ndugu, lakini mwenye mashine iko na dada!" Jumamosi, baada ya kazi za jumuiya, kungekuwa na mkutano, na Zuena angevuliwa ufunguo mbele ya watu kwa jina la mwizi wa maji.

Basi nikamkimbilia Nadia, miwani ikining'inia, nikamwambia kuna jini ndani ya simu. Akaanza kusoma upya, mstari kwa mstari, na safari hii kwa sauti. Akafika mahali akasimama.

"Muzee. Hii *ejo* ya hapa, ni ipi?"

"Jana. Mtaa uliochota jana."

"Na hii *ejo* ya huku chini?"

"Kesho. Mtaa wa kuitwa ke—"

Cherehani ya jirani ikasikika ikimeza uzi.

Kwani mnajua, enyi wasikilizaji, na msiojua mjue: katika Kirundi cha mama yangu, *ejo* ni jana, na *ejo* ni kesho, na kitenzi ndicho kinachokuambia umesimama upande gani wa usiku. Nami, kwa uzalendo ulionijia ghafla uzeeni, nilikipa kisanduku cha kuhifadhia mtaa wa jana jina *ejo*, na cha mtaa wa kesho jina *ejo*, nikadhani nimeandika vizuri. Mimi nilielewa. Nadia alipoisoma mara ya kwanza alielewa. Simu peke yake haikuzaliwa Burundi. Ikaona jina moja, ikaweka kisanduku kimoja, na kila alasiri ikamwita aliyechota jana aje achote tena kesho.

"Na mimi nilipita juu yake," Nadia akasema, akijishika kichwa. "Vraiment, tumeumbuka wote wawili."

Ndipo kidole cha shahada kikashuka vitani. *Ejo* zilikuwa saba, zimejificha katika mistari sitini kama maadui ndani ya mtama. Ya kwanza nikaifuta, ikarudi, kwa sababu nilibonyeza pasipostahili. Ya pili na ya tatu zikaanguka pamoja. Ya sita ikanitoa jasho. Ya saba, loo, ya saba ilikuwa chini kabisa ya kioo, palipopasuka, nami nikaivizia kwa pumzi iliyobanwa, hata ikafa, na mahali pake pakasimama neno *kesho*, jeupe, tukufu, lenye herufi tano.

Nikachapisha karatasi mbili, ya dhambi, yenye *ejo* zake saba, na ya toba, iliyosahihishwa, nikapanda gari la Muyinga kupitia Karuzi, magoti masikioni, na kutoka Muyinga nikapakiwa pikipiki hadi Butihinda, nikafika siku ya Jumamosi wakati majembe yalikuwa yanawekwa chini.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nikafungua mdomo. Dorotea akanipokonya karatasi.

"Usituelezee, muzee. Mi najua kusoma."

Akaisoma ya toba kwanza, mbele ya mitaa mitatu, kwa sauti ile ya kuvuka vilima: "Mtaa wa kesho ni ule unaofuata mtaa wa leo. Tuma ujumbe kwa mtaa wa kesho." Akatikisa kichwa kukubali. Akaichukua ya dhambi. "Ejo ni mtaa uliochota kabla ya leo. Tuma ujumbe kwa ejo..." Akairudia. Kisha akacheka, kicheko kilichoanzia tumboni, akamgeukia dada yangu aliyekuwa ameushika ufunguo kwa mikono miwili.

"Watu wa Chini, munisikilize! Hapa hakuna mwizi. Iko muzee mujinga tu!"

Wakapiga makofi. Naapa sijawahi kupewa cheo kwa shangwe kama ile, nami nikainama kukipokea. Waandishi wa historia na waandike kwamba siku hiyo maandishi ya Shabani yalisomwa na mtu asiyemwita Shabani ayafafanue, tena mtu aliyekuja kumshtaki. Na Navroz, popote alipo, na asamehe K.

Zuena akafungua pompi kwa mtaa wa Chini. Dorotea akajaza dumu la njano hadi mdomoni, akalitua miguuni pangu.

"Beba, muzee. Mitungi ya mwanangu iko mitupu tangu uanze kusoma. Dumu tatu leo, tatu ejo."

Nikafungua mdomo kuuliza ejo ipi. Dada yangu akanitazama. Nikaufunga, nikajitwika dumu, nikateremka kilima.