Kofia Iliyokaguliwa Mara Mbili

Jumatatu, Machi 10, 1539

Balaa. Jana kanisani limesomwa tangazo la mfalme: Alhamisi kila mwanamume wa Yarrowcombe afike uwanjani na harnesi yake, mavazi yake ya chuma ya vita, ikaguliwe. Asiye nayo atafungwa miguu kwenye gogo siku nzima ya soko. Siku ya soko! Na Kwaresima hii hakuna anayekula mayai, yameoza tele kila nyumba, yanasubiri mtu wa kurushiwa.

Harnesi ya marehemu baba ninayo. Kwa namna fulani. Mikanda nimemfungia farasi wa plau. Bamba la kifua ni kikaango cha mke wangu, Thomasine. Ndani ya kofia ya chuma kuku analalia mayai kumi na moja, na Thomasine amesema atakayemwinua yule kuku atafute wa kumpikia. Namshukuru Mungu kwa mke mwenye msimamo.

Jumanne, Machi 11

Nimekwenda kwa Padre Piers kumuuliza harnesi ni nini hasa. Amefurahi mno, hakuna anayemuuliza kitu siku hizi. Neno limekuja na mashujaa wa Kifaransa, amesema, na kwao lilibeba kila kitu: deraya, matandiko ya farasi, mizigo ya safari. Wafaransa nao walilipata kwa mabaharia wa kaskazini, na kwa hao, anavyodhani yeye, lilikuwa chakula cha jeshi.

Chakula! Nikakimbia kwa konstebo kumwambia kwamba nitakuja na gunia la njegere na samaki wa chumvi, ndiyo harnesi ya asili. Konstebo akasema nije nazo tu, nitapata cha kula nikiwa kwenye gogo.

Tapp mhunzi alisikia yote, akacheka mpaka akashika fuawe. Mtu ana kiburi huyu. Kila siku anatangaza kwamba chuma chake hakijawahi kupasuka tangu aanze kazi. Hatujasalimiana vizuri tangu nguruwe wake walipokula maharagwe yangu. Hata hivyo namshukuru Padre, nimetoka kwake nimeelimika.

Jumatano, Machi 12

Akili imefunguka! Kijiji cha Sandcombe wamekaguliwa leo, sisi ni kesho. Nimetembea maili sita matopeni hadi huko kwa shemeji yangu Jasper, nikamkuta ndiyo kwanza anavua harnesi yake. Amenipa yote, na mkate juu. Amenionya tu kwamba kofia ina tundu juu ya sikio la kushoto, nisimgeuzie mkaguzi upande huo. Shemeji wa dhahabu.

Nimeisugua kwa mchanga na siki mpaka inang'aa. Thomasine amesema nafanana na sufuria iliyooshwa. Nimemshukuru.

Alhamisi, Machi 13



Mkaguzi alipita mstarini, akanifikia, akasimama. Akasema tundu hili alilikuta Sandcombe jana, juu ya sikio hili hili. Kofia hii nimeitoa wapi? Konstebo akaanza kutazama gogo. Nilijaribu kujibu, ikatoka sauti ya mbuzi.

Ndipo akatoka mstarini Tapp. Tapp! Akainamisha kichwa, akasema, "Mheshimiwa, kofia zote mbili nimezifua mimi. Mkono wangu mzito. Kazi zangu zote hupasuka palepale." Mbele ya wateja wake wote. Mkaguzi akamcheka, uwanja mzima ukamcheka, na mimi nikaandikwa: mtu kamili na harnesi yake.

Nilimfuata kumshukuru. Akasema, "Nenda zako, Pask. Nilimwonea huruma mkeo, angepitaje sokoni?" Nimelia njia nzima. Maharagwe nimeyasamehe.

Si hilo tu. Kwa jinsi chuma changu kilivyong'aa, mkaguzi amenifanya mtunza harnesi za parokia. Seti sita, na ufunguo wa chumba cha kanisani nimepewa mimi! Atapita tena kuzihesabu. Alitaja na siku, lakini sikuisikia vizuri, nilikuwa nafuta machozi.

Jumamosi, Machi 15

Moyo mweupe kabisa leo. Mchana huu wanakaguliwa watu wa Holmsey, na maskini hawana hata kofia. Mimi niliokolewa, nami niokoe wengine. Alfajiri nimewaazima seti zote sita. Wamenishukuru kwa pipa la pombe, nami nimewashukuru kwa kunishukuru.

Thomasine ameingia sasa hivi. Anasema mkaguzi yuko mlangoni mwa kanisa, anapita kwetu kwanza kabla ya Holmsey, anaulizia ufunguo. Siku yenyewe ilikuwa leo.

Nimemshukuru kwa kunikumbusha, nikamwomba ampelekee mheshimiwa pombe, tena ammiminie polepole. Sina wasiwasi. Kijiji cha Quenby walikaguliwa jana, harnesi zao leo hazina kazi, na ni maili nne tu.