Vikombe Ishirini na Vinne na Visahani Vyake

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu kapiga simu. Ya kwanza tangu Januari. Nikajua kuna jambo, maana siku hizi akinipigia huanza na "Baba, usikasirike." Nikamwambia sijakasirika. Akasema anataka vikombe vya mama yake.

Vikombe! Ishirini na vinne, kila kimoja na kisahani chake, kila kimoja kutoka mji wake. Marehemu hakuvuka mpaka hata siku moja, lakini hakuna msafiri aliyepita mtaa huu bila kuagizwa kikombe. Wengine walimletea, wengine walikula hela yake. Vimo kwenye kabati la vioo sebuleni na havijawahi kutiwa chai. Wageni tulikuwa tunawapa vya plastiki.

Tarehe 28 mama yake anatimiza mwaka kaburini. Binti anataka siku hiyo awe amevipanga kwake, huko aliko, nchi ya pili. Akasema nivilete mwenyewe, kwa basi ni siku moja na nusu tu, na nauli atalipa yeye. Nikamwambia nina shughuli nyingi. Leo nimekata kucha na kubadilisha betri za rimoti.

Ukweli niuandike hapa, maana hapa hapasomwi na mtu. Mimi na mama yake tulikata pasipoti siku moja, miaka sita iliyopita, twende tukamwone binti yetu. Kila mwaka nikasema mwakani. Zote mbili ziko kwenye droo, hazina hata muhuri mmoja. Siwezi kuvuka mpaka ule peke yangu.

Nimemwahidi vitafika kabla ya tarehe 28. Nimekuwa karani wa bohari miaka thelathini na moja. Fomu hazinitishi.

Jumanne, 4 Machi

Ofisi ya vifurushi. Foleni mpaka mlangoni. Dirisha namba nne yuko mama mmoja wa miwani, mpole, lakini habari zake zote mbaya. Kumbe boksi halilipiwi kwa uzito tu, hulipiwa kwa ukubwa wake pia. Nikamuuliza, yaani nalipia hewa iliyomo ndani? Akasema ndiyo, mzee wangu, unalipia hewa.

Isitoshe, thamani ya mzigo ikipita kiwango fulani, anayepokea analipa ushuru. Yaani binti yangu alipie vikombe vya mama yake mzazi! Nikaondoka na fomu mbili mkononi na hasira.

Nje nikakutana na jirani yangu, Bwana Najua. Jina nimempa mimi, mtaa ukalipokea. Bwana Najua aliwahi kumtumia shemeji yake redio, basi tangu hapo ni profesa wa forodha. Akashauri niandike ukweli wote, nilipe, nilale usingizi. Ushauri wa mtu asiye na akili ya biashara.

Mimi nimepata wazo. Vikombe boksi moja, visahani boksi jingine! Kikombe bila kisahani si seti, ni nusu ya kitu, na nusu ya kitu haina thamani. Kila boksi litapita chini ya kiwango. Nilicheka peke yangu njia nzima.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kufunga mizigo. Ile plastiki ya mapovu wanaiuza kama dhahabu. Nikajaribu magazeti, wino ukaacha herufi kwenye kikombe cheupe. Nikafuta na mate, magazeti nikayaachia visahani.

Basi nikafungua kabati lake la nguo. Sijalifungua tangu tumzike. Mitandio, blauzi, ile gauni ya kijani aliyokuwa akisema imembana, kumbe mwenye kunenepa alikuwa yeye. Nikasimama pale nimeshika mlango. Nikajiambia jikaze kisabuni, mzee, kazi ni kazi.

Kila kikombe nikakivika nguo yake, vingine mbili. Ilinichukua siku nzima. Si kwamba kazi ni ngumu. Nilikuwa nikishika kila nguo nikikumbuka aliivaa lini, na mara nyingine sikukumbuka, na hilo liliniuma zaidi.

Fomu: "Vikombe 24, vilivyotumika." Uongo mdogo, havijatumika. Nguo sikuziandika. Nguo ni za kufungia tu. Nani anaandika magazeti kwenye fomu?

Ijumaa, 7 Machi

Nimetuma. Mama wa dirisha la nne akauliza mara tatu kama hakuna kingine ndani. Mara tatu nikasema hakuna. Akagonga muhuri taratibu, kama mtu anayeniombea.

Bwana Najua alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Kasikia maboksi ni mawili akatikisa kichwa, eti mshika mbili moja humponyoka. Nikamwambia mimi sijashika mbili, nimezituma.

Ijumaa, 14 Machi

Visahani vimefika! Ishirini na vinne, salama. Binti kapiga simu. Nikasubiri pongezi. Akauliza kwa nini nimemtumia visahani vitupu. Nikamweleza mbinu. Kisha akasema, kwa upole ule wa mama yake, kwamba kule visahani ishirini na vinne kwa mkupuo vimehesabiwa kuwa bidhaa za duka, na amevilipia ushuru wa mfanyabiashara.

Nimeula wa chuya. Lakini tumeongea dakika kumi na nane. Alinisimulia habari za kazini kwake na mtoto wake anayeota meno.

Jumatatu, 17 Machi

Ujumbe wa simu kutoka forodha ya upande wa pili. Boksi la vikombe limefunguliwa mpakani. Limekutwa na "mitumba ambayo haikutajwa, vipande 31." Mitumba hairuhusiwi kuingia bila cheti cha kufukizwa dawa ya wadudu. Nichague: nguo ziteketezwe, au zifukizwe kwa gharama yangu. Kila siku ninayokaa bila kujibu nalipia nafasi ya kuwekea boksi.

Mitumba!

Nimesoma neno hilo mara nyingi leo. Mke wangu alikuwa akipiga pasi mpaka soksi. Kwake mdudu hakuthubutu kupita hata sakafuni. Mitumba ni ya mtu usiyemjua, imefungwa robota, inamwagwa chini watu wachambue. Zile nazijua moja moja.

Jumanne, 18 Machi

Dirisha namba nne. Mama wa miwani hakusema "si nilikuuliza." Angesema ningepata wa kugombana naye. Akanipa fomu ya kujibu forodha. Kwenye "aina ya nguo" kuna visanduku viwili tu: Mpya. Mitumba. Nikachora kisanduku cha tatu kwa rula, nikaandika: "Nguo za mke wangu." Nikakitia tiki.

Binti kapiga kuulizia vikombe. Nikamwambia mtandao wao uko chini. Habari za nguo sikumwambia. Tumeongea robo saa.

Alhamisi, 20 Machi

Fomu imerudishwa. "Kisanduku hakitambuliki." Nimejaza nyingine. Nimechora kisanduku kile kile, safari hii kwa wino mwekundu.

Binti kapiga. Mtandao bado uko chini, nikasema. Kaniambia mjukuu wangu anajua kusema babu, akamweka kwenye simu, mtoto akapumua tu. Nimesikia pumzi zake vizuri sana.

Simu tatu kwa wiki moja! Tangu msiba hatujawahi kuongea hivi. Mama yake alipokuwa hai, simu zote zilikuwa zake, mimi nikipewa mwishoni nisalimie.

Jumamosi, 22 Machi

Imerudishwa tena. Gharama ya nafasi imepita bei ya kifurushi chenyewe. Bwana Najua kapiga hesabu juu ya bahasha yake bila kuombwa, akanionyesha kwamba kwa hela hiyo ningekwenda na kurudi kwa basi mara mbili nimepakata vikombe magotini. Nikamwambia aende akamshauri shemeji yake mwenye redio.

Halafu akauliza, bila kejeli, kwa nini nisitie tu tiki kwenye mitumba. Ni neno tu, akasema. Nikamwambia mke wake yuko ndani anapika, ndiyo maana kwake ni neno tu. Akainamisha uso. Nikajuta baadaye, lakini si kiasi cha kwenda kumwambia.

Jumatatu, 24 Machi

Yamekwisha. Forodha wamempigia binti mwenyewe, kwa kuwa mpokeaji ni yeye. Nimepewa mpaka Jumatano, baada ya hapo nguo zinachomwa.

Simu ililia nikajua. Hakuanza na "Baba, usikasirike."

"Nguo za mama zimo humo?"

Nikasema zimo. Nikaanza kueleza bei ya plastiki ya mapovu. Nilieleza sana, mpaka habari za mate na wino. Yeye alikuwa analia, na mimi nikaendelea na plastiki, maana nikinyamaza ningelia pia. Mwisho akasema angejua, angeniambia vikombe nivigawe mtaani. Alichokuwa anakitaka kwa mwaka mzima ni kitu kimoja tu cha kuvaa cha mama yake, na aliogopa kuniomba, akidhani siwezi kulifungua lile kabati.

Mimi nilidhani hazimhusu. Nilidhani nguo ni za kufungia.

Anaondoka leo leo kwenda mpakani. Ni mwendo wa saa tisa kwa basi.

Jumatano, 26 Machi

Amefika mpakani, ameomba fomu, ametia tiki kwenye mitumba. Dakika moja, kasema. Amelipa nafasi, amelipa dawa, amelipa faini ya uongo wangu. Nilimwambia nitamrudishia. Akasema Baba, acha.

Ijumaa, 28 Machi

Mwaka umetimia. Nimekwenda makaburini asubuhi, nimeng'oa majani, nimerudi. Kabati la vioo liko wazi na vumbi limeacha miduara ishirini na minne.

Binti kapiga mchana. Vikombe amevipanga, hakuna hata kimoja kilichopata ufa. Nguo zake zimevilinda, nikasema, na nikajisikia nina maana kidogo. Nikamuuliza hizo nguo je. Kasema alifungua boksi, akazamisha uso wake kwenye ile gauni ya kijani.

"Hazinuki mama tena. Zinanuka dawa, Baba."

Nilisikia mtoto akigonga kisahani upande wa pili. Nikaomba msamaha, sijui kama alisikia, maana sauti haikutoka vizuri. Akasema tena niende, angalau mara moja, mtoto anione. Nikasema mwakani.

Jumapili, 30 Machi

Hajapiga jana. Hajapiga leo. Sasa hana cha kuulizia.

Lipo sweta. Sikulitia kwenye boksi, na sijawahi kuliandika hata hapa. La rangi ya udongo, lililovaliwa wiki ile ya mwisho. Halijafuliwa. Huwa nalala nalo chini ya shavu. Limebakiza harufu kidogo kwenye kola, sabuni yake na yeye mwenyewe, na kila asubuhi nakuta imepungua. Naimaliza mimi.

Nimeamua liende kwa binti kabla halijaisha.

Bwana Najua kaja kuniona, kakuta nimelipakata. Hakucheka. Kakaa, kanywa maji, kisha kasema jambo hili ni jepesi: nitoe pasipoti kwenye droo, nilivae sweta, nipande basi. Hakuna afisa duniani anayemvua mzee sweta akalifukiza dawa. Atanisindikiza mpaka stendi, akasema, na mbegu zangu za bustani atazimwagilia.

Ni wazo zuri sana. Tatizo ni kwamba limetoka kwake. Na lile basi lina viti viwili viwili.

Nikaingia ndani nikafikiri, na nimepata njia iliyo bora. Nimenunua mto mpya. Nimeufumua upande mmoja, nimetoa pamba nusu, nimelikunja sweta kola ikiwa juu, nimeshona kwa mkono. Sindano imenichoma mara sita. Ukiutazama huwezi kujua kabisa. Nimeuweka puani kuhakikisha. Harufu ipo.

Binti sijamwambia. Nitamwambia ukikwama, akipiga kuulizia.

Kesho dirisha namba nne, mapema. Fomu nimeshaijaza: "Mto mmoja. Mpya. Hakuna kingine ndani."