Pembe Nyeusi Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Novemba

Mashine imefika. Imekuja ndani ya sanduku la mbao, imefungwa kamba kama maiti. Tumeibeba wanaume wanne mpaka maabara. Mimi mmoja wao. Nimembeba adui yangu kwa mgongo wangu mwenyewe, na mgongo unauma.

Kazi yangu ni faneli ya shaba. Behewa la ngano likifika hapa bandarini, kopo la sampuli linaletwa kwangu. Namwaga juu, faneli inagawa chini, nusu kwa nusu. Miaka kumi na tisa nagawa. Nusu moja inakwenda kwa Mama Darka Humeniuk, mkaguzi wa Shirika la Nafaka. Anaimwaga kwenye sinia jeusi, anakaa dirishani, anatazama. Anasema Namba Moja, Namba Mbili, au chakula cha ng'ombe. Meli haing'oki bila neno lake. Nusu nyingine huwa inawekwa stoo.

Kuanzia leo nusu ya stoo inakwenda kwa mashine.

Amekuja nayo Daktari Friesen, mama mrefu wa makao makuu, daktari wa elimu, si wa sindano. Ametukusanya. Amesema mashine inapiga picha ya kila punje, halafu inatoa daraja. Dakika tatu tu. Atakaa wiki mbili aone kama inakubaliana na Mama Darka. Amesema hakuna mtu atakayepoteza kazi.

Mwaka ule walipofunga ghala la zamani walisema hivyohivyo. Marehemu mke wangu Sylvi akaoka keki ya kushangilia. Tukaila, kazi hakuna.

Nina miaka hamsini na tisa. Pensheni bado miaka minne. Wakinitoa hapa nakwenda wapi? Nyumbani kuna saa ya ukutani na paka wa Sylvi. Paka hanipendi.

Gaston Perreault, mfagiaji, ambaye anaitaka faneli yangu toka siku nyingi, ameiita mashine mrembo. Amemfungulia Daktari mlango mara tatu. Nimehesabu.

Jumanne, 4 Novemba

Sijala. Kahawa tu imepita.

Makopo arobaini leo. Mashine imekubaliana na Mama Darka thelathini na nane. Mama Darka mwenyewe kaisifu! Kasema inaona vizuri. Nimemwambia anashangilia jeneza lake. Kanijibu nigawe ngano, maneno niwaachie wenye maneno.

Ile mashine ina jicho moja, la kioo. Nikipita linaniangalia. Nimepita kulia, linaniangalia. Nimepita kushoto, linaniangalia. Nimeacha kupita.

Nina mpango.

Shemeji yangu Urho analima rai, nafaka ya mkate wetu mweusi. Makapi yake yana pembe nyeusi. Hiyo ni punje iliyoshikwa na kuvu ikawa nyeusi, ngumu, kama mavi ya panya. Sumu. Pembe nyeusi zikizidi kwenye sampuli, ngano inashushwa daraja bila huruma. Basi. Nikishagawa, natia pembe kumi na mbili kwenye kopo la mashine. La Mama Darka nisiliguse. Mashine itapiga kelele chakula cha ng'ombe, Mama Darka atasema Namba Moja. Ataaminiwa nani? Mama Darka ana miaka thelathini dirishani. Mashine itarudi kwenye sanduku lake.

Nimeurudia mpango mara nne. Hauna tundu.

Jumatano, 5 Novemba

Una tundu.

Asubuhi nimekwenda na pembe kwenye kisanduku cha kiberiti, ndani ya soksi. Gaston kaniuliza mbona nachechemea. Nimesema sugu ya mguu. Kasema jana sugu haikuwepo. Mshenzi yule ana kumbukumbu!

Nimetia kwenye makopo manne. Nimevaa glavu zangu nyekundu, zile alizofuma Sylvi, ili nisishike sumu. Kumi na mbili kila kopo. Mashine imesema chakula cha ng'ombe. Mama Darka kasema Namba Moja. Moyo wangu umeruka kwa furaha.

Ndipo Daktari akachukua kibano. Akachokoa kwenye trei ya mashine. Akatoa pembe moja, akaiweka kwenye karatasi nyeupe. Akatoa ya pili. Mpaka kumi na mbili. Kasema, "Zipo."

Sikufikiria. Punje haziliwi na mashine. Zinabaki kwenye trei, kila mtu anaziona!

Halafu watu wote wakamgeukia Mama Darka. Makopo manne, mara nne hakuona kitu. Yeye akatazama sinia lake, ngano yake ilishamwagwa, akatazama karatasi, akavua miwani akaifuta kwa kona ya koti.

Haikuishia hapo. Daktari kaonyesha picha kwenye skrini. Katikati ya punje kuna kitu chembamba chekundu. Uzi. Mashine imeuandikia: ngano nyekundu, safi. Watu wamecheka. Mimi nimecheka kuliko wote, mkono umo mfukoni. Gaston hakucheka. Alikuwa anaangalia mfuko wangu.

Alhamisi, 6 Novemba

Mama Darka amepelekwa kupimwa macho. Ametoka na koti halijafungwa vifungo, nje theluji.

Gaston kaja kuegemea meza yangu. Kasema wanasema ukishavuka sitini macho yanakwenda. Nimesema hivyo ndivyo wanavyosema. Kasogea karibu, halafu, "Babu, glavu yako inafumuka."

Nimerudi nyumbani nimezichoma glavu kwenye jiko la sauna, chumba chetu cha mvuke. Zimenuka kondoo mzima. Nilikuwa nawaza usalama wangu tu mpaka zilipokwisha kuungua, ndipo nikakumbuka zilikuwa za Sylvi. Nimekaa pale kwenye benchi mpaka jiko likapoa.

Nimejiambia acha, Taisto. Acha kabisa.

Lakini Mama Darka je? Wakisema haoni, wanamtoa. Wakimtoa, dirisha linabaki la mashine. Dirisha likiwa la mashine, na mimi nimekwisha. Lazima nirekebishe. Nimeona njia. Kesho natia pembe makopo yote mawili, la mashine na lake. Ataziona, wataona kwamba anaona. Rahisi.

Ijumaa, 7 Novemba

Baridi imeshuka sana, mimi sina glavu. Kila mtu ananiuliza glavu ziko wapi. Nimewaambia watatu zimepotea, wawili zimeibiwa. Baadaye hao watano wamekunywa kahawa meza moja.

Mama Darka karudi. Mpimaji kasema ana macho ya msichana. Daktari kaisoma karatasi, kaikunja, kasema amefurahi, ila makopo ni makopo, na manne yamempita.

Nimetia kumi na mbili huku, kumi na mbili kule. Mama Darka kaziona kabla sijafika mlangoni. Nimeshusha pumzi. Kazi imekwisha, nimejiambia.

Haikuwa imekwisha. Kachukua pembe moja kaiweka juu ya ukucha. Kaigeuza kwenye mwanga. Muda mrefu. Halafu katazama chakula changu cha mchana. Mkate mweusi na samaki. Halafu mikono yangu mitupu. Halafu karudi kutazama pembe.

Kaitia mfukoni na nyingine mbili, kaendelea na kazi. Mchana wote. Heri angenipiga.

Jumapili, 9 Novemba

Siku mbili ndani. Gari likipita, najua ni polisi. Yamepita saba. Moja limesimama. Lilikuwa la jirani, na lilisimama kwake.

Vidole vinawasha. Pembe nyeusi zinaozesha vidole, nilisikia utotoni. Nimevichovya kwenye maji ya chumvi. Vinawasha zaidi. Paka amekaa mlangoni ananitazama kama ile mashine.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimekamatwa.

Mama Darka alinisubiri chumba cha makoti. Kafunga mlango, kasimama mbele yake. Mama mfupi, lakini mlango haukuonekana. Kafungua kiganja. Pembe tatu.

"Mzee Taisto, pembe ya ngano ni fupi, nene. Hizi ni ndefu, nyembamba. Hizi zimeota kwenye rai. Na mabehewa ya wiki iliyopita yote yalikuwa ngano tupu."

Nikasema labda upepo.

"Upepo gani unaohesabu kumi na mbili?"

Nikaanza kusema nilikuwa namtetea yeye na dirisha lake. Hapo ndipo sauti yake ikatetemeka, na nikaogopa kuliko siku zote.

"Umenipeleka kupimwa macho kama ng'ombe wa mnadani. Siku nzima najiuliza kama nimekuwa kipofu bila kujua. Nimekaa jikoni nafunika jicho moja, nasoma pakiti ya unga. Unanisikia? Pakiti ya unga. Kabla ya saa sita utakwenda kwa Daktari na kinywa chako mwenyewe. Usipokwenda nakwenda mimi, na nitamtaja na shemeji yako, yule ambaye rai yake unaisifu kila siku."

Nikasema nitakwenda. Kaniambia niende sasa, maana ananijua.

Nimepanda ngazi. Nimebisha hodi polepole ili asisikie. Kasikia.

Nimesema yote. Urho, kiberiti, soksi, glavu. Daktari hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kauliza swali moja, kwa nini. Nikasema mashine itanila.

Kavua miwani. Kauliza kama najua Shirika linachukua muda gani kuikubali mashine mpya. Nikasema mpaka Krismasi. Kacheka, lakini kwa uchovu. Kaanza kunihesabia kwa vidole. Mwaka huu bandari moja. Mwakani bandari tatu. Mwaka wa tatu wanapima mashine kwa mashine, maana moja ikisema Namba Moja na mwenzake aseme Namba Mbili hiyo si mashine, ni ugomvi. Halafu kamati ya wakulima inakaa, na inakataa. Inakaa tena. Halafu wanaulizwa wanunuzi ng'ambo kama watakubali daraja lililotolewa na mashine. Halafu sheria ibadilishwe. Ile mashine ndogo ya kupima unyevu, kasema, ilichukua miaka kumi na mmoja.

"Mzee Taisto, ungekuwa umeshastaafu, una bustani."

Kisha kafungua faili. Ukurasa wa kwanza, imeandikwa kabla mashine haijatoka makao makuu: mashine haiwezi kugawa sampuli, mtu wa faneli abaki. Jina langu limo. Taisto Hakala.

Nimelitazama jina langu. Lilikuwa limekaa pale salama wiki nzima.

Kasema makopo yote ya wiki iliyopita yanatupwa, hakuna la kuaminika. Jaribio linaanza upya, na kwa kuwa meli zinakaribia kusimama kwa barafu, linaanza mwakani. Jambo moja tu litaingia kwenye ripoti yake. Mashine ilihesabu kila pembe bila kukosea, lakini haikushangaa kuiona pembe ya rai ndani ya ngano. Aliyeshangaa ni Mama Darka. Basi mashine itakuwa msaidizi, na Mama Darka atabaki dirishani.

Mimi sibaki. Nimepewa barua ya onyo. Kuanzia kesho niko nje, nafagia mabehewa. Kwenye faneli anakaa Gaston.

Jumanne, 11 Novemba

Nje. Upepo wa ziwani unakata masikio. Ndani ya behewa ni baridi kuliko nje ya behewa, sijui inawezekanaje.

Kupitia dirisha namwona Gaston. Anamwaga ngano kwenye faneli kama anamnywesha askofu chai. Ameniona, akanipungia. Nimempungia kwa ufagio.

Mama Darka kapita na kikapu chake. Hakusimama. Kanitupia glavu za ngozi kifuani, kasema hizi hazifumuki, kaendelea na safari. Nimesema asante kwa mgongo wake. Mgongo haukujibu.

Jumatano, 12 Novemba

Nimefikiri vizuri, baridi inasaidia kufikiri. Hebu tuone. Mashine iko kwenye sanduku? Iko. Mama Darka yuko dirishani? Yuko. Jaribio limerudi nyuma mwaka mzima? Limerudi. Serikali nzima, na madaktari wake na mafaili yake, imerudishwa nyuma mwaka. Na nani? Na mtu mmoja mwenye kiberiti.

Kosa lilikuwa dogo tu. Rai. Ningetumia pembe za ngano, leo niko kwenye faneli.

Alhamisi, 13 Novemba

Balaa.

Wameleta kitu kipya reli namba mbili. Bomba refu juu ya magurudumu. Linaingia kwenye behewa, linanyonya sampuli lenyewe, halafu linanyonya na mabaki. Behewa linabaki safi. Ufagio wa nini tena?

Daktari Friesen kaja mwenyewe mpaka nilipo, kwenye theluji, na viatu vyake vya ofisini. Kaongea nami taratibu, kama anaongea na farasi aliyeshtuka. Kasema ni jaribio tu. Kasema hesabu miaka kumi, Mzee Taisto, labda kumi na miwili, na wewe hapo hutakuwepo. Kaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa kabisa. Kanishika mkono, kaondoka.

Nimeukumbatia ufagio. Wangu.

Baada ya kahawa nimelizunguka lile bomba mara mbili, nikijifanya nafagia. Lina tundu moja la hewa, chini, upande wa ziwa, ambako hapaonekani kutoka dirishani. Nimepima kwa ngumi. Ni upana wa kiazi.

Kesho nakwenda na viazi viwili. Kimoja cha mchana.