Kisu cha Karoti za Shahlo

Jumanne, 6 Mei
Daktari amesema moyo wangu umebakiza kidogo. Sawa! Nimefundisha elimu ya metali maisha yangu yote, na sijawahi kutengeneza hata msumari. Siwezi kufa hivyo. Keshokutwa jioni wanaume wa mtaa watakuja kukata karoti za pilau ya harusi ya mjukuu wangu Shahlo. Kila mmoja atachomoa kisu kilichofuliwa na jirani yetu mhunzi Turgun, jogoo yule. Mimi nitachomoa changu!

Jumatano, 7 Mei
Turgun kaenda sokoni. Nimemwambia mkewe nataka kuota moto karakanani. Kipande cha springi ya lori, nilichokifua kikawa kisu, kiliiva rangi ya chungwa, nikakichovya kwenye mafuta. Chwaa! Niliona kwa akili yangu: atomi za chuma zinahama safu kwa pupa, za kaboni zinanaswa katikati, zimebanwa, hazina pa kutokea. Hapo ndipo ugumu unapozaliwa. Tupa iliteleza juu yake kama juu ya kioo. Nimelia kwa furaha.

Alhamisi, 8 Mei
Kanuni inataka nikipashe tena taratibu, mbano upungue, kisivunjike. Nimelifundisha hilo hadi wanafunzi wakasinzia. Lakini kikipashwa kitapungua ugumu kidogo. Kiwe laini kuliko vya Turgun? Hapana! Mke wangu Oyniso kauliza mbona nacheka peke yangu. Nimesingizia dawa.

Ijumaa, 9 Mei
Jana kisu kilipita kwenye karoti kama kwenye hewa. Turgun akaacha kukata, akakitazama! Ningeishia hapo. Nikataka waone ugumu, nikakigonga kwenye ukingo wa sufuria. Vipande vitatu. Viwili tuliviona. Cha tatu kilizama kwenye kilima cha karoti, na wageni wangekula pilau hiyo alfajiri.

Turgun akasema, “Mwalimu, atomi zako zimetoroka. Hebu ziite kwa majina.”

Walicheka wote isipokuwa Shahlo. Aliuliza kwa sauti ndogo, wakwe watakula nini. Nilitamani moyo umalizie palepale.

Turgun akaleta sumaku. Tukaipitisha beseni baada ya beseni. Kwenye la mwisho, tik! Shahlo akanibusu paji la uso, akaniapisha nisiguse tena moto wa mtu. Nikaapa.

Jumamosi, 10 Mei
Pilau imeliwa ikaisha, bibi harusi kaenda kwake. Nimetafakari kwa utulivu. Kosa ni la sufuria. Oyniso kafunga jiko la makaa kwa kufuli. Kesho daktari anakuja kunipima. Nimempigia simu kwa siri aje na koleo refu la kushikia chuma cha moto.