Kanda ya Nyumbani kwa Chiriku

Jumatatu, 3 Machi

Bahati imeniangukia! Dereva wa Chiriku, yule mwimbaji ambaye mke wangu hafui nguo bila nyimbo zake, kaniletea redio ya bosi wake. Imemeza kanda. Dereva kasisitiza: redio ikishindikana basi, ila kanda irudi salama, maana humo tu ndimo ilimobaki sauti ya marehemu dada yake Chiriku.

Nikaichomoa kwa kibano, nikaizungusha kwa penseli, nikasikiliza. Mama yangu! Chiriku na dada yake wako jikoni kwao, wanaimba upuuzi kuhusu mbuzi aliyekula barua, wanapiga sufuria, wanakosea, wanacheka. Haijawahi kutoka popote! Nimeisikiliza mara sita. Mke wangu kaniambia mali ya watu irudi kwa watu. Nikamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Haikuhusiana sana, lakini alirudi kufua.

Jumanne, 4 Machi

Mpango! Jumamosi saa kumi nitawapigia watu kanda hii hapahapa dukani. Fundi Waya wa ng'ambo ya barabara hujisifu kwamba aliwahi kutengeneza kipaza sauti cha Chiriku. Sasa atajua nani fundi wa nyota! Nimemwambia shemeji peke yake, tena kwa kiapo. Kufikia adhuhuri muuza mkaa kaniuliza kama viti vitatosha.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Kila redio ninayoitengeneza huijaribu kwa kubonyeza kitufe cha kurekodi na kuhesabu mpaka kumi. Miaka ishirini nafanya hivyo. Leo nimefanya hivyo, kanda ya Chiriku ikiwa ndani! Halafu nikasahau kuzima, nikaenda kutafuta miwani. Sehemu yote ya dada mtu imefutika. Sasa nasikika mimi nikimuuliza mke wangu miwani iko wapi, naye akijibu iko usoni.

Ijumaa, 7 Machi

Suluhisho! Maji yakimwagika hayazoleki, lakini wimbo unaimbika. Nimeimba mwenyewe, sauti ya Chiriku na ya dada yake. Shemeji kapiga sufuria. Anasema ya dada imenitoka vizuri zaidi. Mke wangu kasikiliza, kajishika kichwa, kaenda zake.

Jumamosi, 8 Machi

Watu walijaa mpaka barabarani! Nikabonyeza. Mwanzoni shangwe. Kisha ikaingia sauti yangu ya kike. Fundi Waya alicheka hadi akakaa chini. Ghafla watu wakapisha njia: Chiriku mwenyewe na dereva wake, wamefuata redio. Yeye hakucheka. Akauliza, taratibu kabisa, dada yake yuko wapi. Niliona aibu, kweli niliona aibu, kwa kama dakika nzima.

Mke wangu akapenya katikati ya watu na kanda nyingine mkononi. Kumbe alinakili yote Jumatatu ileile! Akasema anamjua mumewe. Ikapigwa, dada mtu akaimba, Chiriku akalia mbele za watu. Akamshika mke wangu mikono yote miwili, akamwita dada.

Jumapili, 9 Machi

Chiriku kaleta kasha zima la kanda za nyumbani kwake. Mke wangu ndiye atakayezinakili. Juu ya kasha Chiriku kaandika: FUNDI ASIGUSE. Wivu huo! Ile sauti yangu imemtisha. Na humo ndani najua mna mambo! Mke wangu anakwenda kwa mama yake saa tisa. Ufunguo wa kasha kauficha ndani ya birika. Nimeuona.