Bahari ya Sebuleni

Jumatatu, 4 Machi
"Muziki wa kutuliza roho hautengenezwi sebuleni," kasema mpinzani wangu, Mpiga Zeze, redioni. "Bahari ifuatwe baharini." Upuuzi! Roho haiulizi wimbi limetoka wapi. Nimempigia mtangazaji papo hapo: Jumamosi, ukumbini, marimba yangu pamoja na mawimbi, na huyo mjuzi aje asikie. Nikakata simu kwa kishindo.
Mawimbi sina.

Jumatano, 6 Machi
Nimerekodi karai la maji. Limetoa sauti ya karai la maji. Nimepeta mchele karibu na simu. Mke wangu kasema kama nimeamua kupeta, nitoe na mawe. Nikamjibu kwamba msanii haeleweki nyumbani kwake. Akasema ninaeleweka vizuri sana.
Baada ya chakula cha mchana, ufumbuzi! Mama mkwe, mgeni wetu wiki hii, kalala kwenye kochi. Anakoroma. Sauti inapanda, inavunjika, inajivuta kurudi. Nikarekodi, nikapunguza kasi kwenye kompyuta. Bahari tupu!
Kumnyemelea mkwe na simu si adabu, najua. Masikio yamepata moto. Lakini nani atajua?

Jumamosi, 9 Machi
Ukumbi ulijaa. Watu mikekani, macho wamefumba. Mama mkwe mstari wa mbele, kaja kunitia moyo. Marimba, filimbi, wimbi. Mama mmoja akafuta machozi. Mpiga Zeze mwenyewe kainamisha kichwa. Nimeshinda!
Nilisahau kukata mwisho wa rekodi. Wimbi likakwama, likakohoa, likatamka usingizini, kwa sauti nzito ya zimwi, kwamba huyu mume wa mwanangu ni mzigo.
Mpiga Zeze akauliza, kwa upole mno, hiyo ni bahari gani inayonifahamu hivyo. Ukumbi ukaangua kicheko. Mama mkwe hakucheka. Alijifunika uso kwa mtandio. Laiti ningeweza kujikunja nikaingia ndani ya spika!

Jumapili, 10 Machi
Mama mkwe kafungasha. Nilipiga magoti mlangoni. Akasema binti niliomba, akanipa. Usingizi wake sikuuomba. Kaondoka. Mke wangu ananipakulia chakula huku kanipa mgongo. Sina pa kuweka uso.

Jumatatu, 11 Machi
Baba mkwe kaja kusuluhisha. Nimelia, machozi ya kweli. Nimeapa sitamrekodi mtu tena maishani. Kanisamehe, mzee wa watu. Kisha akakohoa.
Mungu wangu, kile kifua! Ngurumo inayobingirika nyuma ya milima!
Mke wangu, najua unaisoma shajara hii. Dawa ya kikohozi usimpe baba yako mpaka kesho. Na mtandikie pale pale kwenye kochi.